Zimwi Lililokawia Miaka Miwili

Ndugu msomaji, huenda haya yamepata kukufika Jumapili kama ya leo. Chakula kimekwisha kuliwa, vyombo vinaoshwa, nawe umeketi ukingojea taarifa ya habari. Mara mtoto anakujia na simu mkononi, macho yanamng'aa. "Hebu tazama," anakwambia. Unatazama. Ndani ya kioo kile kidogo viumbe wa ajabu wanaruka, wanatema moto, wanapiga mbizi. Muziki unapanda. Kisha linatokea jina la mchezo pamoja na tarehe ya kutolewa, ambayo bado iko mbali. Mtoto hasemi neno la pili. Anakutazama usoni, akingoja ahadi.

Filamu fupi ya namna hiyo huitwa kionjo. Mpishi akikuonjesha mchuzi, hukuchotea katika chungu kile kile utakachopakuliwa. Kionjo cha mchezo wa video aghalabu hupikwa katika chungu kingine. Jambo hilo ndilo ninalotaka tulitazame pamoja leo, maana fedha itakayotoka ni ya mshahara wako, na ahadi ikivunjika, mtoto hatailaumu kampuni iliyo ng'ambo ya bahari; atakulaumu wewe.

Tuchukue michezo ya Pokémon, ambayo watoto wengi wa mjini wanaijua walau kwa jina. Jina hilo ni kifupi cha maneno yenye maana ya "mazimwi ya mfukoni". Michezo miwili ya kwanza, ule Mwekundu na ule wa Kijani, ilitolewa Japani tarehe 27 Februari 1996. Aliyeibuni ni Satoshi Tajiri, ambaye utotoni mwake katika mji wa Machida, pembeni mwa Tokyo, alipenda mno kukamata wadudu. Mashamba na madimbwi alimowinda yalipofunikwa na majengo, alitamani watoto wa mjini waipate tena ile furaha ya kukamata, kuhifadhi na kubadilishana. Mazimwi yalikuwa 151. Walakini kila mmoja wa michezo ile miwili ulikosa baadhi ya mazimwi yaliyokuwamo katika mwenzake, hata mtoto hakuweza kuyatimiza yote peke yake. Ilimbidi atafute rafiki mwenye mchezo wa pili, waunganishe mashine zao kwa waya, wabadilishane. Ilikuwa njia nzuri ya kuwakutanisha watoto. Ilikuwa pia njia nzuri ya kuuza michezo miwili mahali pa mmoja.

Sasa tuje kwenye kionjo ninachokikusudia. Tarehe 10 Septemba 2015, mjini Tokyo, kampuni ya Pokémon pamoja na Nintendo na Niantic ya Marekani zilitangaza mchezo wa simu za mkononi uitwao Pokémon GO, ambao ulikuwa bado kutoka. Kionjo chake ni cha dakika chache tu. Watu wa kawaida wanatembea na simu zao, na mazimwi yanawatokea katika mahali pa kila siku, yakiwa na kimo chake kamili, kama kwamba yamezaliwa hapo. Watu wanayakamata, wanashindana. Mwishoni umati unafurika Times Square mjini New York. Mewtwo, lile zimwi la kutisha kupita yote katika michezo ya kwanza, linawakabili. Saa inahesabu kurudi nyuma. Watu wasiojuana wanalishambulia kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, mpaka linashindwa na shangwe zinalipuka.

Nimekitazama mara nyingi, nami nakiri kwamba hata leo mwili hunisisimka. Kimetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Basi na tukirudie polepole, kidole kikiwa tayari kukisimamisha.

Jiulize kwanza: ni nani anayeliona zimwi? Katika mchezo wenyewe, huliona yule tu aliyeshika simu, tena ndani ya kioo. Lakini kamera ya kionjo inalionyesha likiwa nje ya simu, mbele ya watu wote. Picha hiyo haikutoka katika mchezo. Ilipigwa kwa waigizaji, na mazimwi yakachorwa juu yake baadaye. Mchezo ulipoanza kutolewa mwezi Julai 2016, wachezaji walikuta ramani yenye barabara na kikatuni kimoja kinachotembea juu yake. Zimwi likitokea, unasugua kioo kwa kidole ili kulirushia mpira. Ukitaka, kamera ya simu huonyesha mahali ulipo nyuma ya zimwi, lakini zimwi lenyewe lilielea tu, bila kujali ukuta wala meza. Hata alama za nyayo, zilizokusudiwa kumwonyesha mchezaji umbali wa zimwi, ziliharibika katika majuma ya mwanzo, na kabla Julai haijaisha zikaondolewa kabisa.

Tuhesabu na yale mengine. Mapambano ya watu wengi dhidi ya zimwi moja yalikuja Juni 2017. Kubadilishana mazimwi kati ya marafiki, jambo lililotajwa tangu siku ya kutangazwa, kulikuja Juni 2018. Mchezaji kupambana na mchezaji mwenzake uso kwa uso kulingoja hadi Desemba 2018. Na Mewtwo? Lilijitokeza mara ya kwanza mbele ya wachezaji tarehe 14 Agosti 2017, tena si New York, bali katika uwanja wa michezo wa Yokohama, Japani. Mtoto aliyekitazama kionjo akiwa na miaka minane alikaribia kutimiza kumi kabla zimwi halijafika.

Je, walidanganya? Nasitasita kutamka neno hilo, maana karibu yote waliyoyaonyesha yalikuja hatimaye, na waliovumilia hawakujutia. Nadhani kionjo kile kilikuwa ndoto ya waliotengeneza mchezo, waliyoiweka hadharani kabla hawajajua wataijengaje. Lakini hapana popote ndani yake palipomwambia mtazamaji kwamba hii ni ndoto. Mtoto huipokea ndoto kama hati ya mauzo.

Zaidi ya hayo, kuna vitu ambavyo kionjo hakikuvionyesha kabisa, navyo ndivyo vilivyokuja kutawala. Tarehe 22 Julai 2017 Niantic iliwaita wapenzi wa mchezo katika bustani ya Grant Park mjini Chicago. Walifika watu wapatao 20,000 waliolipa kiingilio, wengine wakiwa wamesafiri kutoka mbali. Ilikuwa Times Square ya kionjo, sasa kwa watu wa kweli. Mtandao wa simu ukazidiwa, mchezo ukagoma kufunguka, na mkuu wa kampuni, John Hanke, alipopanda jukwaani alizomewa. Kampuni ikarudisha viingilio. Ukikitazama kionjo cha 2015 tena baada ya kuyajua hayo, utatambua kwamba katika umati ule wote hakuna hata mtu mmoja ambaye simu yake imekosa mtandao au imeishiwa chaji. Wala hakuna anayenunua bando.

Fedha nayo haionekani. Kuupakua mchezo ni bure, na hilo ni kweli. Lakini ndani yake zinauzwa sarafu za mchezo kwa fedha halisi, na sarafu hizo hununua mipira, mikoba mikubwa zaidi, na vifaa vya kuangulia mayai, ambayo huanguliwa kwa mchezaji kutembea umbali uliowekwa. Kutembea ni jambo jema, na mchezo huu umewatoa nyumbani watu wengi ambao wasingetoka. Nausifu kwa hilo. Hata hivyo usidhani ni sadaka. Mwaka 2025 Niantic iliuza kazi yake ya michezo, Pokémon GO ukiwa ndani yake, kwa kampuni ya Scopely kwa dola bilioni 3.5. Chombo kisichouzwa kilifikia bei hiyo kwa sarafu zilizonunuliwa ndani yake, nyingi zikiwa za bei ndogo.

Huenda unajiuliza mimi nimeyajuaje yote haya. Niliyatafuta baada ya kuaibika. Mwezi Februari 2019 kilitolewa kionjo cha michezo mingine miwili, Pokémon Sword na Pokémon Shield, ambayo ingetoka Novemba mwaka ule. Kijana wangu, wakati ule akiwa na miaka kumi na mmoja, aliniletea simu kama nilivyoeleza hapo juu. Nilikuwa nimechoka, na kionjo kilikuwa kizuri. Nikasema, "Haya, nitakununulia." Baadaye ndipo nilipogundua kwamba michezo hiyo haichezwi katika simu, bali katika mashine ya Nintendo Switch, ambayo wakati ule iliuzwa Marekani kwa karibu dola 300, na kila mchezo dola 60. Kionjo hakikutaja bei hata moja. Nilinyamaza miezi minne, nikiyakwepa macho yake mezani.

Katika miezi hiyo wapenzi wa michezo hii duniani walikuwa na kazi yao. Wao hukisimamisha kionjo picha kwa picha, wakiandika kila zimwi linaloonekana, hata lile lililojificha nyuma ya mti. Hesabu hiyo ilikuwa na maana kubwa kuliko walivyodhani, kwa sababu mwezi Juni watengenezaji, kwa kinywa cha Junichi Masuda, walikiri kwamba si mazimwi yote ya zamani yangeweza kuhamishiwa katika michezo mipya. Michezo ilipotoka tarehe 15 Novemba, orodha ilikuwa na mazimwi 400, kati ya jumla iliyokwisha kuvuka 800. Kionjo hakikuwa na uongo katika jambo hili; kilionyesha yaliyokuwamo, kikayanyamazia yasiyokuwamo.

Nilipomweleza kijana hatimaye, nikiwa na kalamu na hesabu ya mshahara mbele yangu, hakulia kama nilivyohofia. Aliuliza swali moja tu: "Kwa nini hukusema siku ile ile?" Sikuwa na jibu, ndugu msomaji, na hata leo sina.

Tangu hapo, nyumbani kwetu kionjo hutazamwa mara mbili. Mara ya kwanza ni ya kufurahi, wala sisemi neno, kwani kumharibia mtoto furaha yake ni ukatili usio na faida. Mara ya pili mtoto ndiye anayeshika kidole juu ya kioo. Anasimamisha na kunionyesha: hii ni picha ya mchezo wenyewe, hii ni ya kamera. Tunasoma maandishi madogo ya chini, yale yanayopita upesi, maana mara nyingine ndimo wanamokiri kwamba mchezo haujakamilika. Tunauliza mchezo utachezwa katika chombo gani, na kama umegawanywa mara mbili. Kisha anaandika katika karatasi yale anayoamini atayakuta siku mchezo ukitoka. Siku hiyo ikifika hatununui. Tunangoja majuma mawili matatu, tutazame wachezaji wa kawaida wakiucheza, karatasi ikiwa mkononi.

Mwaka huu ni zamu ya binti yangu, mdogo wake yule kijana. Karatasi yake imebandikwa katika mlango wa kabati la vyombo. Ameandika mambo manne, na mbele ya matatu ameweka alama ya kuuliza kwa mkono wake mwenyewe.