Hesabu Jikoni: Sarufi ya Kiswahili na Mafunzo ya Kwanza ya Mtoto

Aghalabu hudhaniwa kwamba mtoto huanza hesabu siku anapoketi darasani. Ilhali mtoto azungumzaye Kiswahili huwa amekwisha kuianza nyumbani, kwani sarufi yenyewe humwelekeza huko. Anapotumwa jikoni kuleta vyombo, hana budi kutaja vijiko viwili, sahani mbili na mabakuli mawili. Idadi ni ileile, bali neno linaloitaja hufuata ngeli ya nomino. Hivyo, kabla hajajua kuandika tarakimu 2, mtoto huyo amepata fursa ya kung'amua kwamba uwili si mali ya kijiko wala ya sahani.

Maandazi ya asubuhi yatosha kuwa somo zima. Mzazi na ahesabu pamoja na mtoto: andazi moja, maandazi mawili, matatu, manne, matano, sita, saba, manane, tisa, kumi. Mtoto husikia pale ambapo neno halibadiliki, naye huuliza sababu. Sita, saba na tisa yametoka katika Kiarabu, nayo hayapokei viambishi vya ngeli. Kumi, japo ni la Kibantu, nalo halibadiliki. Wazee wa pwani walitumia kenda kwa maana ya tisa.

Wapo wazazi mijini wanaomzuia mtoto kuhesabu kwa Kiswahili, wakichelea kwamba atachelewa katika shule ifundishayo kwa Kiingereza. Hofu hiyo yaeleweka, lakini tiba yake ina hasara. Mtoto aimbaye majina ya namba za kigeni hadi ishirini huenda akaagizwa vitunguu vitatu akaja na konzi nzima, kwa kuwa amekariri wimbo tu, hajajifunza idadi. Isitoshe, kumi na moja ni jina linalojieleza lenyewe: kumi, kisha moja. Jina la Kiingereza la namba hiyo halimwonyeshi mtoto kumi wala moja.

Hata hivyo, Kiswahili nacho kina mahali kinapoficha. Sitini yafanana na sita, na sabini yafanana na saba. Lakini ishirini haifanani na mbili, wala thelathini haifanani na tatu, kwa sababu majina ya makumi yalikopwa Kiarabu ilhali mbili na tatu ni ya Kibantu. Dawa yake ni maharage yanayochambuliwa kwenye ungo. Yapangwe mafungu ya kumi kumi, mtoto aseme "makumi mawili na matatu", ndipo aambiwe kuwa hiyo ndiyo ishirini na tatu.

Ama saa ya ukutani, hiyo ni tajiri zaidi. Waswahili huhesabu saa tangu mapambazuko, nayo karibu na Ikweta hayabadiliki sana mwaka mzima. Mshale mfupi ukifika 7 asubuhi, husemwa ni saa moja. Ukifika 10, ni saa nne. Mtoto apewe mwiko auweke juu ya picha ya saa, upite katikati: ncha moja ikigusa namba ya mshale, ya pili itagusa saa ya Kiswahili. Tofauti ni sita daima, yaani nusu ya kumi na mbili. Kisha aulizwe kwa nini adhuhuri, mishale yote miwili ikiwa juu kwenye 12, mama husema ni saa sita.