Mwanga Ukivuja Njiani

Anayepita Bomang'ombe kwa basi la Arusha kwenda Moshi huona soko, stendi na, mawingu yakiachia, Kibo. Haoni nyuzi za kioo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, unapita ukanda huu wa kaskazini. Kiini cha kila uzi, yaani njia yenyewe ya mwanga, kina upana wa mikromita 9 hivi, chembamba kuliko unywele. Humo hupita miamala, simu na barua za serikali.

Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, nchi nzima ilijua. Kwenye nchi kavu, mhandisi hutafuta sehemu iliyokatika kwa OTDR, kifaa kinachorusha mwanga wa mara moja ndani ya uzi na kusubiri mwangwi. Mwanga ndani ya kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya mikrosekunde 100, tatizo liko kilomita 10, kwa kuwa muda huo ni wa kwenda na kurudi. Gari linawashwa, chemba inafunguliwa. Kijiko cha mkandarasi kikikata mkongo, hakijifichi.

Ngumu ni hitilafu isiyokata kitu. Uzi ukikunjwa sana, mwanga kidogo huvuja pembeni huku mawasiliano yakiendelea, na mdukuzi anaweza kuutumia mkunjo huohuo. Kwa hiyo mhandisi hupima mara mbili, kwa mwanga wa nanomita 1310 na wa 1550. Upotevu ukizidi sana kwenye 1550, anashuku mkunjo; ukikaribiana, pengine ni kiungo kibovu. Kisha hulinganisha mchoro wa leo na ule wa siku mkongo ulipokabidhiwa. Mkunjo ambao siku ile haukuwapo lazima ufuatwe mpaka kwenye chemba yake.

Hata mdukuzi akiunasa mwanga huo, usimbaji hulinda barua, lakini bahasha hubaki wazi: nani kawasiliana na nani, saa ngapi. Mhandisi wa mtandao nyeti anaweza kuiona bahasha hiyo, na ramani ya chemba anayo. Ndiyo maana hufanyiwa upekuzi kabla ya kukabidhiwa funguo, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inahesabu kutoa siri za serikali kuwa jinai. Naona ni haki kabisa, kwa sababu hakuna kifaa kinachopima uaminifu wa aliyekishika.

Nawe ukikuta chemba imefunguliwa kando ya barabara, watu wamo ndani na hawana kitambulisho, mwarifu kiongozi wa mtaa wako siku hiyohiyo.