Risasi iliyogongwa si lazima iwe imekufa

WARUNDI waliorejea kutoka kambi za Kigoma wanalima ardhi iliyopitiwa na vita vilivyoanza mwaka 1993. Jembe likiibua risasi, mnunuzi wa vyuma chakavu huitamani, kwani ganda lake ni shaba iliyochanganywa na zinki.

Mpakani Manyovu niliwasikia wachuuzi wakidai kwamba risasi yenye alama ya kugongwa kwenye kitako imekwisha kazi. Si kweli. Fataki huweza kugongwa isiwake, baruti ikabaki ndani. Ganda tupu huwa wazi mdomoni. Lenye kichwa lihesabu ni hai, hata likiota kutu ya kijani. Tanurini hulipuka, na vipande vyake hupofua macho.

Usiiguse, usiigonge. Weka alama, uwaite polisi. Bei ya shaba hailipi jicho.