Anayehesabu Ndiye Mwenye Njaa

Dada yangu huandika kila anachokula. Daftari lake ni lile la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na kila ukurasa ameupiga mstari katikati: chakula kushoto, kalori kulia. Chai ya rangi na kijiko kimoja cha sukari, 16. Wali kikombe kimoja, 200. Mchicha, 40. Jioni anajumlisha, na jumla haizidi 1,300. Hii ni miezi saba sasa. Miwili ya mwanzo alipungua kilo nne. Mitano iliyofuata mizani haikusogea. Alipolipeleka daftari kliniki, muuguzi alilifungua, akalifunga, akamwambia, "Mama, mwili haudanganyi." Hakuhitaji kumalizia. Dada alielewa kwamba anayedanganya ni yeye.

Dada yangu si mwongo. Lakini muuguzi naye hakukosea moja kwa moja, kwa sababu mwili ule ulikuwa unapata chakula kingi kuliko kilichoandikwa. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na ningependa kila anayekaa upande wa pili wa meza ya kliniki ajue ni kwa vipi.

Watu wa aina ya dada walichunguzwa New York, na matokeo yakachapishwa mwaka 1992 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Steven Lichtman na wenzake walichukua watu kumi wanene waliokwisha kujaribu kupungua mara nyingi wakashindwa, huku wakisema hawali hata kalori 1,200 kwa siku. Waliamini kasoro iko mwilini mwao: tezi, au maumbile ya ukoo. Watafiti hawakubishana nao. Waliwapa maji wanywe.

Maji hayo hayana tofauti kwa ladha, ila haidrojeni na oksijeni zake ni za aina nzito kidogo, hivyo maabara huweza kuzitambua kwenye mkojo. Haidrojeni hutoka mwilini kwa njia ya maji tu: mkojo, jasho, mvuke wa pumzi. Oksijeni hupita njia hizo hizo, lakini ina mlango mwingine, nao ni hewa ya ukaa tunayoitoa tunapopumua. Kwa hiyo oksijeni huisha mapema zaidi, na tofauti ya kasi kati ya hizo mbili humwambia mtafiti ni kiasi gani cha hewa ya ukaa kimetoka. Hewa hiyo ni moshi wa chakula kilichochomwa mwilini. Ukiupima moshi, utajua kuni zilizoungua. Nathan Lifson wa Chuo Kikuu cha Minnesota ndiye aliyeigundua mbinu hii katika miaka ya 1950 kwa wanyama wadogo, na miaka ya 1980 ikaanza kutumika kwa binadamu. Uzuri wake ni kwamba haimuulizi mtu chochote.

Baada ya siku 14 majibu yalikuwa wazi. Watu wale waliandika kwamba walikula wastani wa kalori 1,028 kwa siku. Kwa kweli walikula 2,081. Waliandika kwamba walitumia kalori 1,022 kwa siku kwa mazoezi na shughuli. Kwa kweli zilikuwa 771. Miili yao ilichoma chakula kama ilivyotarajiwa kwa watu wenye umbo lao.

Utafiti huu umetajwa mara nyingi kama fimbo ya kuwachapia wanene. Mimi nausoma sambamba na mwingine wa mwaka 2002, uliofanyika Louisiana kwa maji yale yale. Safari hii walipimwa wanawake kumi ambao ni wataalamu wa lishe, watu wanaolipwa mshahara kwa kujua sahani ina nini, na wenzao kumi wasio na utaalamu huo. Wasio wataalamu waliandika pungufu kwa kalori 429 kwa siku. Wataalamu waliandika pungufu kwa 223. Ikiwa mwenye shahada ya lishe anapoteza kalori 223 kati ya mdomo na kalamu, basi tunazungumzia udhaifu wa chombo, na chombo chenyewe ni kumbukumbu na jicho la binadamu.

Kabla ya kuingia jikoni, tuitazame kalori yenyewe. Kalori ni kipimo cha joto: joto la kutosha kuipandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Mwishoni mwa karne ya 19 Wilbur Atwater, huko Connecticut, aliwafungia watu waliojitolea kwenye chumba kilichozungushiwa shaba, akapima joto lao, chakula chao na choo chao. Kutoka kazi hiyo tumerithi hesabu inayotumika mpaka leo: gramu ya wanga au protini ni kalori 4, gramu ya mafuta ni 9. Hizo ni wastani. Lozi, kwa mfano, zilipopimwa upya nchini Marekani mwaka 2012, gramu 28 zilimpa mlaji kama kalori 129, wakati hesabu ya Atwater inasema karibu 170. Mafuta mengine yalikuwa yamefungiwa ndani ya vipande ambavyo meno hayakuvisaga, yakatoka kama yalivyoingia.

Lakini kosa la lozi ni dogo ukilinganisha na la mwiko. Tazama tena daftari: mchicha, 40. Mchicha mtupu, ndiyo. Mchicha wa dada umekaangwa kwa kitunguu na nyanya, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120. Nani hupima mafuta kwa kijiko? Chupa huinamishwa juu ya sufuria mpaka mkono uridhike. Wali kikombe kimoja, 200: huo ni wali wa maji, na kwetu Tanga wali wa maji ni wa mgonjwa. Gramu 100 za tui zito zina kalori zaidi ya 200. Tunayo majedwali yetu ya vyakula, yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe pamoja na Harvard, na ni kazi nzuri mno. Ila hakuna jedwali linaloujua mkono wa mpishi, wala linaloweza kugawa sinia moja kwa watu watano wanaokula kwa kasi tofauti.

Mpaka hapa ingeonekana dawa ni kupima kwa bidii zaidi: nunua mizani ya jikoni, pima kila kijiko. Kwa wiki chache inasaidia sana. Shida ni kwamba mwili haukai ukisubiri kuhesabiwa.

Chukua upande wa matumizi. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi huwinda, hurina asali na kuchimba mizizi kwenye udongo mgumu. Mwaka 2012 Herman Pontzer, akishirikiana na Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wengine, alichapisha vipimo vya watu wazima 30 wa jamii hiyo waliokunywa maji yale ya Lifson. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Ilitarajiwa wachome chakula kingi kuliko mtu wa ofisini. Haikuwa hivyo. Wanaume walitumia wastani wa kalori 2,650, wanawake 1,880, na ukizingatia ukubwa wa miili yao, ni sawa na watu wa Marekani na Ulaya. Pontzer anadai kwamba mwili una bajeti: ukitumia zaidi kwenye miguu, unabana kwingine, kwenye kazi za ndani ambazo hatuzioni. Wanasayansi bado wanabishania ukubwa wa ubanaji huo. Mimi naona unatosha kuonya dhidi ya zoea moja la daftari la dada, ambapo saa moja ya kutembea imeandikwa "toa 300" kisha chapati ikaongezwa. Kutembea kuna faida kubwa kwa moyo, sukari ya damu na usingizi, endelea kutembea. Usikuuze tu kwa chapati.

Kisha kuna kanuni iliyosambaa dunia nzima, kwamba kilo moja ya mafuta ya mwili ni kalori 7,700 hivi, kwa hiyo ukipunguza 500 kila siku utapungua karibu nusu kilo kila wiki. Kwa mwaka ni kilo 24 hivi. Kanuni hii inamchukulia mtu kama pipa lenye tundu lisilobadilika. Mwili mdogo hula kidogo, hutembea kwa gharama ndogo, na zaidi ya hapo hujibana. Kevin Hall, mwanafizikia kwa masomo aliyefanya kazi katika taasisi za taifa za afya za Marekani huko Bethesda, alikokotoa upya na kuonyesha kwamba kwa punguzo lile lile mtu wa kawaida hupungua takriban nusu ya hizo katika mwaka wa kwanza, kisha kasi huzidi kufifia. Mwaka 2016 yeye na wenzake waliwapima washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito, miaka sita baada ya shindano. Wengi walikuwa wamenenepa tena, na bado miili yao ikiwa imepumzika ilichoma kama kalori 500 pungufu ya ilivyotarajiwa.

Utafiti ulionifanya nimpigie dada simu usiku ni mwingine, wa Hall huyo huyo, wa mwaka 2016 pia. Kuna dawa ya kisukari, kanagliflozini, inayofanya figo zimwage sukari kwenye mkojo, kama kalori 360 kila siku. Mgonjwa hahisi. Hajapangiwa mlo, hajaambiwa apungue, hana daftari. Ikiwa chakula chake hakibadiliki, uzito ungeendelea kushuka kwa muda mrefu. Badala yake ulishuka, ukasimama, huku sukari ikiendelea kumwagika. Maana yake ni moja: wagonjwa walikuwa wanakula zaidi bila kujua. Hall na wenzake walipiga hesabu wakakuta kwamba kwa kila kilo moja iliyopungua, hamu ya chakula ilipanda kwa kalori 100 hivi kwa siku. Matumizi ya mwili yalishuka kwa 20 hadi 30 tu. Njaa ilivuta mara tatu hadi tano ya ubanaji.

Weka hayo kwenye daftari la dada. Alipungua kilo nne. Kwa wastani ule, njaa yake ilipanda kalori 400 kwa siku, na mwili ukabana nyingine 100. Hata kama alijinyima 500 kwa siku, zimeshafidiwa. Na njaa ya namna hii haiji kwa kishindo. Huja kwenye upana wa kipande cha muhogo, kwenye kuonja mchuzi mara ya tatu, kwenye ukoko wa sufuria, kwenye "kikombe kimoja" kilichojaa hadi kufanya mlima. Mkono unaoshika kalamu na mkono unaoshika upawa ni wa mtu mmoja, na mtu huyo ana njaa. Ndiyo maana hesabu za miezi miwili zilikuwa nzuri na za miezi mitano zikapotea, ingawa mwandishi hakubadilika tabia.

Hata dawa mpya zinashuhudia hivyo. Semaglutidi, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, iliwapunguzia watu wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Kazi yake kubwa ni kuituliza njaa. Bei yake bado iko mbali na mifuko mingi ya kwetu, na ni ya kusimamiwa na daktari.

Kwa hiyo dada afanye nini? Nilimwambia aanze na chakula chenyewe kabla ya tarakimu. Mwaka 2019 Hall aliwaweka watu 20 wodini kwa wiki nne: wiki mbili vyakula vilivyosindikwa sana vya kiwandani, wiki mbili vyakula vya kupikwa, vyenye sukari, mafuta, nyuzinyuzi na chumvi sawa vikiwa mezani, kila mtu ale anavyotaka. Kwenye vya kiwandani walikula kalori 500 zaidi kwa siku. Maharage, kunde, samaki, mboga na matunda mazima humshibisha mtu mapema, na anayeshiba hahitaji kulinda kalamu. Nilimwambia pia amwone daktari apime tezi na kukagua dawa anazotumia, kwa kuwa zipo zinazonenepesha. Na asipande mizani kila asubuhi, maana chumvi, hedhi na maji huweza kuficha au kuzidisha kilo nzima.

Kisha tukafanya jambo moja la jikoni. Alipofungua chupa mpya ya mafuta, ya lita moja, aliandika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Nyumbani wako watatu. Ilikwisha siku ya sita. Lita moja ya mafuta ni kalori 8,100 hivi. Gawa kwa watu watatu, gawa kwa siku sita, ni 450 kwa kila mtu kila siku. Tulilipitia daftari pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Neno "mafuta" halikuwemo hata mara moja.

Alinyamaza kidogo. "Sasa mdogo wangu," akasema, "kumbe sikuwa naongopa." Wiki ijayo ana miadi kliniki, na amesema atalibeba daftari, na chupa tupu pia.