Alikwenda Kutafuta Kupe, Akauona Mto



Jina la marehemu Profesa Wangari Maathai wa nchi jirani ya Kenya tunalijua kwa sababu ya miti na Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004. Lakini kazi yake ya Chuo Kikuu cha Nairobi inatuhusu sisi wa vyama vya wafanyakazi zaidi ya tunavyodhani.

Miaka ya 1970 mama huyu alifundisha elimu ya viungo vya mwili wa mifugo. Alikwenda vijijini kukusanya kupe wanaoeneza ndigana kali, maradhi yanayoua ng'ombe. Kazi ilikuwa kupe, basi. Angeweza kuwatia chupani, akarudi maabara na kuandika ripoti yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliwatazama ng'ombe wenyewe, mbavu zinahesabika. Akatazama malisho, majani hakuna. Akatazama mito, maji mekundu kwa udongo ulioporomoka na mvua kutoka kwenye miteremko iliyofyekwa miti ili ipandwe chai na kahawa. Akaona kuwa adui wa mifugo ile si kupe peke yake, bali ni ardhi iliyochoka. Kutokana na hayo, pamoja na vilio vya akina mama waliokosa kuni na maji safi, ndipo mwaka 1977 ilipoanza kazi ya kupanda miti.

Wataalamu wa misitu walipokwenda kuwafundisha akina mama kwa maneno magumu ya vipimo vya udongo na miteremko, yeye aliwaambia wapande kama wanavyopanda mbegu zao shambani. Waliitwa mabwana misitu wasio na diploma. Kufika mwaka 2004 miti ilikuwa imepita milioni 30. (Mimi niliyeishia shule ya msingi habari hii hunipendeza sana.)

Chuoni nako hakunyamaza. Wanawake walioolewa hawakupewa marupurupu ya nyumba na matibabu sawa na wanaume, eti waume zao watawatunza. Yeye na wenzake walidai haki sawa, wakajaribu kukigeuza chama cha walimu wa chuo kiwe chama halisi cha wafanyakazi, chenye nguvu ya kujadiliana na mwajiri. Mahakamani walishindwa. Mwaka 1982 aliacha kazi ili agombee ubunge. Alipozuiwa kugombea, chuo kilikataa kumrudisha. Ndiyo malipo ya mtu anayeuliza.

Sasa tujitazame. Kiwandani nilikofanya kazi walikuja wanafunzi wa chuo kikuu na karatasi za maswali. Walituuliza tunakosa kazi siku ngapi kwa mwezi kwa sababu ya ugonjwa. Tukajibu, wakaandika, wakashukuru, wakaenda. Hakuna aliyeuliza maji machafu ya kiwanda yanamwagwa wapi, wala watoto wetu wanateka maji wapi. Vijana wale hawakuwa wajinga. Karatasi yao haikuwa na nafasi ya swali hilo, na mwalimu aliyewatuma alitaka karatasi ijazwe.

Kamati za matawi zinaweza kuanza na barua moja kwa mkuu wa kitivo: wanafunzi wakija kiwandani, wapitie kwanza ofisi ya chama. Tutawapeleka mpaka kwenye bomba, halafu tuteremke nao hadi kisimani.