Je, Dawa ya Macho Iliyopitwa na Muda ni Salama?

Ukifungua kabati katika nyumba nyingi hapa Chepkoilel hutakosa kichupa kidogo cha dawa ya macho. Pengine mtoto aliugua macho mwaka jana, dawa ikatumika siku tano, macho yakapona, na ile iliyobaki ikawekwa, maana huwezi jua. Halafu msimu wa mavuno unafika, mashine ya kupukuchua mahindi inajaza vumbi hewani, jicho la mtu linakuwa jekundu, na mama anakumbuka: kumbe iko dawa! Anachukua kichupa, anaona tarehe ilipita miezi minne. Aitumie ama aitupe?

Aitupe. Lakini jibu bila sababu halikai kichwani, na wengi wetu tumesikia ikisemwa ati hizo tarehe ni ujanja wa kampuni ili tununue dawa zaidi. Tuanzie hapo, kwa sababu neno hilo lina ukweli kidogo ndani yake.

Jeshi la Marekani huweka akiba kubwa ya dawa, na tangu miaka ya 1980 serikali yao imekuwa ikizipima zile zinazokaribia tarehe ya mwisho badala ya kuzitupa zote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2006 yalihusu aina 122 za dawa, na asilimia 88 ya mafungu yaliyopimwa yaliongezewa angalau mwaka mmoja. Kwa hiyo si kweli kwamba dawa hugeuka sumu saa sita usiku tarehe ikifika. Lakini angalia vizuri: hizo zilikuwa dawa ambazo hazijafunguliwa, zimewekwa ghalani kwa utaratibu, na kila fungu lilipimwa maabarani kwanza. Kichupa chetu kimeshafunguliwa, kimekaa juu ya kabati chini ya mabati, na hakuna aliyekipima. Wengine husema hapa Eldoret ni juu, ni baridi, dawa haiharibiki. Usiku ni baridi, ndiyo. Ingia nyumba ya mabati saa nane mchana wa Januari ndipo uongee.

Tena dawa ya macho si kidonge. Kidonge ni kikavu na kinaenda tumboni, ambako kuna asidi inayoua vijidudu vingi. Dawa ya macho ni maji, na vijidudu hupenda maji. Inaanguka moja kwa moja juu ya konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho tunayoonea, ambayo haina hata mishipa ya damu ya kuleta ulinzi haraka. Ndiyo maana kiwandani dawa hii hutengenezwa bila kijidudu hata kimoja, kisha mara nyingi hutiwa kemikali kidogo ya kuzuia vijidudu vitakavyoingia baadaye. Kemikali hiyo haiwezi kufanya kazi milele. Kila mara ncha ya kichupa inapogusa kope au kidole, vijidudu vinapata njia.

Hatari yake tuliiona mwaka wa 2023 huko Marekani. Watu waliotumia matone ya kulainisha macho, hasa ya jina la EzriCare yaliyotengenezwa India, walipatwa na bakteria sugu aitwaye Pseudomonas. Kufikia Mei mwaka huo wagonjwa walikuwa 81 katika majimbo 18. Watu 14 walipoteza uwezo wa kuona, 4 waliondolewa jicho, na 4 walifariki. Shida ya dawa hiyo haikuwa tarehe. Ilikuwa vijidudu ndani ya kichupa, na kichupa hicho hakikuwa na ile kemikali ya kuvizuia. Kwa macho ya kawaida maji yale yalionekana safi tu. Usiseme, "Lakini hii yangu haijabadilika rangi."

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui: dawa ya macho ina tarehe mbili. Ya kwanza imepigwa chapa kwenye kichupa au pakiti, baada ya herufi EXP. Ikiwa ni mwezi na mwaka tu, dawa ni nzuri mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo, bora iwe haijafunguliwa na imehifadhiwa sawasawa. Tarehe ya pili huandikwa na wewe mwenyewe, nayo ni siku uliyofungua. Dawa nyingi za maji za macho zinatakiwa kutupwa wiki nne baada ya kufunguliwa, hata kama EXP inasema miaka miwili mbele, hata kama kichupa kimejaa nusu. Basi ukifungua tu, chukua kalamu uandike tarehe kwenye pakiti. Vile vichupa vidogo vya kutumia mara moja havingoji hata kesho. Na kama umepewa matone ya kloramfenikoli, muulize mwenye duka la dawa kuhusu kuhifadhi, kwa maana kwa kawaida hayo yanatakiwa friji. Mafuta ya macho ya tetrasaiklini hayahitaji.

Lakini hata tuseme tarehe haijapita. Swali kubwa kuliko tarehe ni hili: ile dawa ilikuwa ya nini? Macho mekundu yana sababu nyingi. Mapema mwaka wa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Dar es Salaam na baadaye Mombasa, na ule ulikuwa wa virusi. Dawa za bakteria haziui virusi. Macho mengi ya namna hiyo hupona yenyewe kwa kunawa mikono na kutotumia taulo moja nyumba nzima. Kichupa kimoja kikipita kutoka jicho la huyu hadi la yule, kitabeba ugonjwa kwa watoto wote.

Mbaya zaidi ni dawa zenye steroidi, kama deksamethasoni na prednisoloni. Hizi huondoa wekundu upesi, na ndiyo sababu watu huzipenda na kuazimana. Mkulima akipigwa na jani la mahindi jichoni, kuvu au bakteria wanaweza kuingia kwenye kile kidonda kidogo. Akitiwa steroidi ya jirani, jicho linakuwa jeupe na anashukuru Mungu, kumbe ule ugonjwa unakula konea bila kizuizi. Steroidi zikitumiwa muda mrefu pia huongeza presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Hapa mimi sina maneno ya kupunguza: dawa ya macho ya jirani usiitumie, iwe mpya au ya zamani.

Wako wale ambao hawawezi kuacha dawa, nao ni wenye glakoma, yaani presha ya jicho. Hawa hutia matone kila siku maisha yao yote, na kichupa ni pesa. Wengine huruka siku ili dawa ifike miezi miwili. Tunaelewa sababu, lakini presha inapanda kimya bila maumivu, na kuona kukipotea kwa glakoma hakurudi. Kama pesa hazitoshi, mwambie daktari waziwazi. Dawa za glakoma hazina bei moja, na timololi kwa kawaida ni ya bei nafuu. Usione haya.

Makanisa nayo yana sehemu yao. Wageni wetu wa ng'ambo hufika na masanduku ya dawa kwa moyo mwema, na baadhi huwa zimebakisha wiki chache au ni masalio ya wagonjwa wengine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1996 ulisema dawa za msaada zibakishe angalau mwaka mmoja zinapofika, na zisiwe zile zilizorudishwa na wagonjwa. Kamati ya kanisa isiogope kuuliza tarehe kabla sanduku halijasafirishwa. Zahanati za makanisa zina pia MEDS, shirika lililoanzishwa na makanisa ya Katoliki na ya Kiprotestanti mwaka 1986, ambalo huuza dawa na lina maabara ya kuzipima.

Na kama umeshatia dawa iliyopitwa na muda? Usiingiwe na hofu. Acha kuitumia, nawa mikono, suuza jicho kwa maji safi, uchunguze. Mara nyingi halitatokea jambo. Lakini ukiona jicho linauma sana, haliwezi kuvumilia mwanga, linatoa usaha, kuna doa jeupe, au unaona ukungu, nenda siku hiyo hiyo kwenye kituo cha afya. Wakishindwa watakuelekeza kliniki ya macho katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Beba kichupa chenyewe ili waone ulitia nini. Mtoto mchanga mwenye usaha machoni asingojee hata asubuhi, kwa kuwa kisonono kutoka kwa mama kinaweza kumpofusha kwa siku chache.

Kichupa cha zamani usikitupe uani wala chooni. Kirudishe kwenye zahanati au duka la dawa, waulize kama wanapokea. Kikiwa bado nyumbani kiwe mbali na watoto, kwa maana baadhi ya matone ya kuondoa wekundu, mtoto mdogo akiyanywa hata kidogo, humlaza usingizi mzito na kupunguza mapigo ya moyo.