Damu Hupandaje Kutoka Miguuni?

Akina mama wengi wakifika mwezi wa saba wa ujauzito huanza kulalamikia miguu. Jioni viatu havivaliki, na nyuma ya goti hutokeza mishipa ya samawati iliyotuna na kujipinda kama mizizi. Hapa Mfaranyaki mama huyo mara nyingi ameshinda amesimama: sokoni, jikoni, au darasani na chaki mkononi. Je, mishipa hiyo ina kazi gani, na ni lini tuwe na wasiwasi?

Mishipa ya damu ni ya aina tatu. Ateri huchukua damu kutoka moyoni. Kuta zake ni nene na hunyumbuka, maana damu husukumwa humo kwa nguvu. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, utausikia msukumo huo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama lita 5 kwa dakika, karibu damu yake yote. Ateri ikikatwa kwa panga, damu huruka kwa mapigo. Bonyeza kidonda kwa nguvu kwa kitambaa safi, usiachie, mkimbie hospitali.

Ateri hugawanyika hadi kuwa kapilari, vishipa vyembamba ambamo chembe nyekundu za damu hupita kwa foleni, moja moja. Humo ndimo oksijeni na chakula hutoka kwenye damu kwenda mwilini, na uchafu hupokelewa.

Kurudi moyoni ni kazi ya vena. Mnaijua milima yetu ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma: vijito huungana, mto ukakua. Vena nazo ni hivyo, ila mto huteremka, na damu ya miguuni inabidi ipande, tena msukumo wa moyo umeshapungua sana. Inapandaje? Ndani ya vena mna vali, kama vilango vinavyofunguka upande mmoja tu. Kila upigapo hatua, misuli ya shavu la mguu huikamua vena, damu hupanda, na vali huizuia isirudi. Daktari Mwingereza William Harvey alieleza mzunguko huu katika kitabu chake cha mwaka 1628, na alizionyesha vali kwa kubonyeza tu vena za mkono.

Sasa mjamzito. Damu yake huongezeka karibu nusu, homoni hulegeza kuta za vena, na mtoto hukandamiza vena kubwa ya tumboni. Vena zikitanuka, vali hazifungi vizuri, damu hutuama. Kwa hiyo usisimame tuli; inua visigino mara kwa mara, tembeatembea, lala kwa ubavu wa kushoto, na ukikaa weka miguu juu ya kigoda. (Baba anaweza kukisogeza mwenyewe.) Ukisafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam, shuka kila linaposimama unyooshe miguu. Lakini uso na mikono vikivimba, kichwa kikiuma au macho yakiona maruweruwe, hiyo si habari ya vena. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

La kutisha zaidi ni mguu mmoja. Wakati wa ujauzito na wiki 6 baada ya kujifungua, damu ya mama huganda kwa urahisi, jambo linalomkinga asitokwe na damu nyingi. Akilala ndani siku nyingi bila kutembea, bonge la damu laweza kuganda ndani ya vena ya mguu, mara nyingi wa kushoto. Mguu huo huvimba, huuma na kuwa wa moto. Hapo ndipo mama mkwe au shangazi, kwa upendo kabisa, huchemsha maji aukande. Bonge likibanduka hupanda na vena hadi moyoni, kisha huziba mishipa ya mapafu. Mzazi hushikwa na kichomi ghafla, pumzi humwishia, na aweza kufa.

Mwambie kwa heshima: “Mama, naomba mguu huu tusiukande wala tusiuchue, twende kwanza hospitali.” Dawa ipo, sindano ya heparini, inayozuia bonge lisikue. Nayo haimzuii mama kunyonyesha.